Kuishi na Kijana Anayenuna: Mwongozo kwa Mzazi wa Mtoto Anayebalehe

Mtoto aliyekuwa akikukimbilia mlangoni kukusimulia yote yaliyomtokea shuleni sasa anaingia bila salamu, anapita moja kwa moja hadi chumbani, na ukimwuliza habari za siku anakujibu "nzuri" kwa sauti inayokuonya usiendelee. Ukimtuma anasonya, ukimkosoa anafoka au anazira chakula, na ukimwacha analalamika kwamba hakuna anayemjali. Wazazi wengi huyaona haya mtoto akiwa na umri wa miaka kati ya 11 na 14, na wengi huumia kimyakimya wakidhani kwamba wamekosea malezi. Nimelea watoto wawili waliopita katika umri huo, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya ugomvi wa miaka hii hutokana na mzazi kutaka jambo limalizwe papo hapo, wakati yeye na kijana wote wawili wamepandwa na hasira.

Inasaidia kujua kinachoendelea ndani ya mtoto. Kwa kawaida balehe huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, na kati ya miaka 9 na 14 kwa wavulana, na homoni zinazoubadilisha mwili hugusa pia hisia. Wakati huohuo ubongo wenyewe unajengwa upya, lakini haujengwi wote kwa mwendo mmoja. Sehemu zinazoamsha hasira, hofu na shauku huwa na nguvu mapema, ilhali sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo humwezesha mtu kujizuia na kupima matokeo ya tendo lake, huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 20 na kitu, yapata 25. Ndiyo maana kijana anayejua vizuri kabisa kwamba hapaswi kumjibu mama yake kwa ukali humjibu hivyo hivyo, kisha robo saa baadaye akajuta bila kujua namna ya kurudi. Kujua hili hakumwondolei wajibu, ila humsaidia mzazi asichukulie kila jibu la mkato kuwa ni dharau iliyopangwa.

Jioni moja mwanangu wa kiume, akiwa na miaka 13, alirudi nyumbani akiwa amekunja uso. Nilikuwa nimeona karatasi ya mtihani wa hisabati imekunjwa mara nne na kusokomezwa chini kabisa ya begi, nikamwuliza ni ya nini. "Si umeshaiona?" alinijibu bila kuinua macho, akaingia chumbani na kuubamiza mlango kwa nguvu hadi nikasikia koti lililotundikwa nyuma yake likianguka. Nilikuwa nimeshashika kitasa, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, kuanzia ada ninayolipa hadi adabu ya dada yake. Nashukuru kwamba sikuyasema. Nilisema kupitia mlangoni, kwa sauti ya kawaida: "Umenijibu vibaya, na tutalizungumza hilo, ila si sasa. Nitarudi baada ya saa moja." Niliporudi alikuwa amelala na viatu, ameupa ukuta uso. Nilikaa ukingoni mwa kitanda bila kusema neno kwa muda niliouona mrefu sana, kisha akaanza mwenyewe kueleza kwamba alama zilisomwa kwa sauti mbele ya darasa zima, na aliyecheka kuliko wote ni rafiki yake wa karibu. Nilimwacha amalize. Baada ya hapo ndipo nilipomwambia kwamba naelewa alivyoaibika, na kwamba pamoja na hayo mimi sijibiwi namna ile na milango ya nyumba haibamizwi. Alinyanyuka, akaliokota koti akalitundika, akasema, "Samahani, baba."

Maneno yale ya mlangoni yana mambo matatu ambayo mzazi yeyote anaweza kuyatumia: yanalitaja kosa ili kijana asidhani kwamba limepita, yanaahirisha mazungumzo, na yanataja muda. Muda huo ni ahadi. Ukisema utarudi baada ya saa moja kisha ukasahau, mara ya pili ataelewa kwamba kuahirisha ni njia yako ya kukwepa, na ukirudi baada ya dakika tano ungali unahema kwa hasira, hukuahirisha chochote. Usimfuate chumbani huku ukifoka, wala usimkumbushe makosa ya mwaka jana. Zaidi ya yote, usimkemee mbele ya wageni au rafiki zake, kwa sababu katika umri huu kuaibishwa mbele ya wenzake humchoma kuliko adhabu nyingine yoyote.

Mazungumzo yenyewe huenda vizuri zaidi mnapokuwa na kazi mikononi, mkiosha vyombo, mkikunja nguo au mkitembea pamoja, kwa kuwa kijana huona ni rahisi kufungua moyo asipotazamwa usoni. Swali la "kwa nini umefanya hivi?" humfanya ajitetee, ukimwuliza "nini kilikukera zaidi leo?" unampa mahali pa kuanzia. Akianza kusema, zuia ulimi wako usitoe dawa kabla hujaujua ugonjwa. Mimi nilijifunza kuuliza, "Unataka nikusaidie, au nikusikilize tu?" na mara nyingi jibu lilikuwa la pili.

Kuwa mpole hakumaanishi kwamba kila kitu kinaruhusiwa. Mruhusu kijana kukasirika, kununa na kutaka kukaa peke yake, lakini usiruhusu matusi, kupiga wengine wala kuharibu mali. Kanuni ziwe chache, zijulikane kabla ya kosa, na walezi wote wa nyumba wazishike kwa namna moja. Adhabu iwe fupi na ihusiane na kosa: aliyechelewa kurudi apunguziwe muda wa kutoka mara inayofuata, na aliyevunja kitu ashiriki kukitengeneza. Mzazi anayetangaza kwa hasira kwamba simu imechukuliwa kwa mwezi mzima mara nyingi huirudisha siku ya nne kwa kuchoka, na kijana hujifunza kwamba maneno ya nyumba hiyo hayana uzito.

Kabla ya kumshughulikia kwa hekima yoyote, hata hivyo, chunguza usingizi wake, kwani katika nyumba nyingi chanzo cha kisirani cha asubuhi ni hicho tu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja. Wakati wa balehe melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usingizi, huanza kutolewa usiku zaidi kuliko zamani, hivyo mtoto anayesema hana usingizi huenda anasema kweli. Piga hesabu: akiamka saa 11:30 alfajiri, lazima awe ameshalala saa 3:30 usiku ili apate angalau saa hizo 8. Mnong'ono wa simu chini ya mto huziharibu zote. Nyumbani kwetu tuliamua kwamba simu zichajiwe sebuleni usiku, nazo ni zote, pamoja na za wazazi. Na nilipotaka kujitoa katika utaratibu huo, watoto walikataa, na walikuwa na haki.

Kuna siku utashindwa. Utapayuka, utasema neno ambalo hukulikusudia. Mwombe radhi, na radhi hiyo isifuatwe na "lakini". Ukisema "samahani nilikufokea, lakini wewe ndiye uliyenikasirisha," umemrudishia lawama uliyodai kuichukua. Sema kosa lako, unyamaze. Kosa lake litazungumzwa siku nyingine. Hofu ya wazazi kwamba kuomba radhi kunawashushia heshima haina msingi, kwani kijana huiga hilohilo, naye hana kwa kujifunzia ila kwako.

Yote haya yanahusu kununa kwa kawaida, kunakokuja na kupita, ambapo kijana aliyefura asubuhi huonekana jioni akicheka na wenzake. Mambo ni tofauti ikiwa hali imedumu kwa wiki mbili au zaidi, ameacha marafiki na michezo aliyoipenda, usingizi au ulaji wake umebadilika sana, masomo yameporomoka ghafla, amegeukia pombe au dawa za kulevya, au ana majeraha anayoyaficha kwa mikono mirefu ya nguo. Kwa vijana, sonona, yaani ugonjwa wa kuzongwa na huzuni, huweza kujitokeza kama hasira na ukali badala ya huzuni, na badiliko la ghafla huenda likaficha uonevu wa wenzake au udhalilishaji wa kingono kutoka kwa mtu mnayemwamini. Akikuambia jambo la namna hiyo, mwambie kwamba unamwamini na kwamba si kosa lake, wala usimwahidi kwamba utalifanya siri.

Akisema kwamba anatamani kufa au kwamba ingekuwa heri asingezaliwa, usimkemee kwa kukufuru wala usipuuze. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, bali humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na silaha mahali anapoweza kuzifikia, na umpeleke kwa mtaalamu wa afya siku hiyohiyo.