Kabla hujaagiza kokteli kwenye baa ya Italia

Angalia saa kwanza. Kokteli kule ni mambo ya jioni, kuanzia kama saa 12 hivi mpaka saa 2 au 3 usiku, wanaita aperitivo, unaagiza kinywaji na mara nyingi unawekewa vya kutafuna bila kulipia zaidi, zeituni, krispi, karanga, na Milano kuna baa zinaweka mpaka msosi wa maana. Mtu akikwambia mkutane alle sette, yaani "saa saba" kwa maneno yao, jua ni saa 1 usiku, wao hawahesabu saa kama sisi.

Pa kukaa nako kuna hela yake. Ukinywa umesimama kaunta bei iko chini, ukivuta kiti inaweza kupanda, hasa sehemu za watalii kama San Marco pale Venezia, kwahiyo soma menyu kabla hujakaa. Baa zingine unalipa kwanza kwenye cassa, yaani kwa keshia, halafu unaenda kaunta na risiti yako.

Haya, maneno. Usimvamie mhudumu, anza na buonasera (habari za jioni), kisha vorrei uno spritz, per favore (naomba spritz moja, tafadhali), basi imetosha. Irabu zao ni zetu hizi hizi, kasheshe iko kwenye konsonanti: c mbele ya e au i ni ch, ila wakiandika ch wanatamka k. Mtego wenyewe ni gh, hiyo siyo ya ghali ni g ya gari, kwahiyo ukitaka bila barafu, senza ghiaccio, unasema "sentsa gyacho".

Halafu ujue unachoagiza bwana. Spritz ya Aperol ni Aperol, prosecco (mvinyo wa mapovu wa Italia) na maji ya soda kidogo, nyepesi, Aperol yenyewe, pombe ya rangi ya chungwa yenye uchungu kidogo, ina asilimia 11 tu ya kilevi wakati ndugu yake mwekundu Campari ya kule ni 25 na uchungu juu. Negroni ni jini, Campari na vermouth nyekundu (mvinyo uliotiwa viungo) sawa kwa sawa, hamna cha juisi wala soda, tumbo tupu usiiguse. Ukiona kali sana omba Negroni sbagliato, jini inatolewa inawekwa prosecco. Na Americano ya kokteli iombe kwenye menyu ya vinywaji vya jioni, la sivyo utaletewa kahawa.

Hunywi pombe? Sema un analcolico, yaani kisicho na pombe, au taja kabisa Crodino, ina uchungu uleule wa kiutu uzima ila pombe hamna.

Bili hailetwi mpaka uombe, il conto, per favore, na usipoacha tipu hakuna atakayenuna.