Kuchora fonti ya pembe kwa vibao na nembo: anza na A

Nachora herufi za vibao na vifungashio hapa Unguja. Fonti ninayoipenda kuliko zote ni ya pembe: mistari imenyooka, haina vimkia (vile vijistari vya kwenye ncha za herufi), kona zimekatwa. Kiswahili kinaikubali mno. Andika ZANZIBAR au MWAKA KOGWA kwa herufi kubwa uone mishazari ilivyojaa. Miongozo mingi huanza na H na O. Sisi tuanze na A, kwa kuwa ndiyo itakayojirudia karibu kila neno.

Hatua ya 1. Chora A kwa penseli na rula kwenye daftari la miraba: kimo miraba 7, unene mraba 1.

Hatua ya 2. Fungua Inkscape, programu ya bure ya kuchorea, uichore A upya humo. Ukurasa uwe pikseli 1000 kwa 1000, mstari wa kukalia herufi uwe 200 kutoka chini, kimo 700. Mistari ya wima ipe unene wa 100, ya mlalo 90. Ukiipa yote unene sawa, ya mlalo itaonekana minene zaidi. Ncha ya A ipandishe 12 hivi juu ya kimo, la sivyo itaonekana fupi pembeni mwa H. Paul Renner alifanya vivyo hivyo kwenye Futura, fonti yake iliyotoka Ujerumani mwaka 1927.

Hatua ya 3. Sasa O, U na B. Hapa ndipo wengi wanapokwama. O yetu ni pembenane: unachora mstatili, unakata kona. Ukikata kona ya nje 160 na ya ndani 160, mshazari unanenepa, O inakuwa kama imevimba mashavu. Ya nje ikiwa 160, ya ndani ikate 100 tu. Pima unene kwa kukingama mshazari wenyewe, utaona umekaribiana na wa wima. Kisha andika BUBUBU utazame kama kona zote ni za ukoo mmoja.

Hatua ya 4. Mfuko wangu wa kwanza wa karafuu ulirudi kutoka kwa mchapaji W zote zimeziba wino. Niliumia sana, maana mteja alikuwa anausubiri. Tangu siku hiyo, mstari ukikaribia pale unapokutana na mwingine naupunguza kutoka 100 hadi 85, na ndani ya pembe nakata kijipengo kidogo. Wino ukitambaa unakijaza, pembe inabaki kali.

Hatua ya 5. Ingiza herufi kwenye FontForge, programu ya kutengenezea fonti, nayo ni ya bure, upange nafasi kati ya herufi. Andika DUKA LA VIUNGO VYA PEMBA. YA isogeze ndani, mpaka mkono wa Y uikaribie ncha ya A. LA haiponi kwa kusogeza: chini miguu inagusana, juu kuna uwanja mtupu. Fupisha mguu wa L. Usisahau alama ya ng'. Ichore mshazari mfupi, uijaribu kwa NG'AMBO. Nimeona kibao kizuri kikiharibika kwa alama iliyoazimwa fonti nyingine.

Hatua ya 6. Chapa MWANAKWEREKWE kwa ukubwa wa kibao cha daladala, ubandike ukutani, uvuke barabara. Umwombe mtu asiyelijua zoezi lako akusomee. Akisita kwenye KW, rudi hatua ya 5.