Jinsi ya kutoa mafuta yaliyonasa mchangani kwa mabibo na bakteria

Msimu wa korosho huku Mtwara mabibo yanaozea chini ya mikorosho, yenye bahati yanaishia kwenye uraka, pombe ya mabibo. Mi nakushauri uchukue ndoo moja ulishe bakteria wanaotengeneza sabuni ya kung'oa mafuta, Brazili walishajaribu juisi hiyo hiyo ikafanya kazi.

Tuelewane kwanza, gesi ya Mnazi Bay au Songo Songo haihitaji hii kitu, gesi inapanda yenyewe. Hii ni ya visima vya mafuta, kule ukishapampu na ukasukuma maji bado mafuta mengi, mara nyingi zaidi ya nusu, yamenasa kwenye vitundu vya mwamba. Tone linakwama kwa sababu ya mvutano kati yake na maji. Bayosafaktanti, yaani sabuni inayotengenezwa na bakteria, inaulegeza. Maji matupu yana mvutano wa uso wa milinyutoni 72 kwa mita, ukiweka safaktini, yaani sabuni ya bakteria aitwaye Bacillus subtilis, unashuka mpaka kama 27.

Bakteria omba maabara ya chuo, Bacillus subtilis tu. Usichote udongo wa gereji uoteshe nyumbani jamani, humo unaweza kupata Pseudomonas aeruginosa, nayo inatoa sabuni nzuri kweli ila inaleta magonjwa.

Kamua mabibo, chemsha, chuja kwa kitambaa, ongeza maji nusu kwa nusu, tia mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kidogo, halafu soda ya kuokea taratibu mpaka pH ifike 7 maana juisi ni chachu sana. Pika kwenye presha kuka dakika 20, ikipoa weka bakteria kisha pitishia hewa kwa pampu ya tangi la samaki siku 2 au 3, joto letu la Mtwara linatosha. Acha nafasi kubwa kwenye chombo, mi povu lilinipandia mpaka mezani nikafuta nusu siku!

Kupima ni rahisi, sahani ya maji, mafuta juu yake yatandae, dondosha tone moja katikati. Mafuta yakikimbia pembeni yakaacha duara safi, sabuni ipo.

Sasa mchanga. Wa ufukweni osha kwa maji baridi mpaka chumvi iishe, kausha, jaza chupa mbili zilizotobolewa chini na kuwekwa kitambaa. Lowesha kwa maji, kisha mimina mafuta ya cherehani uliyoyapima. Usitumie oili chafu ya gari, ina dawa za kusafishia injini zitakudanganya, hapo ndo nilipokosea mwanzoni nikashangilia bure. Pitisha maji mpaka mafuta yasitoke tena, pima yaliyotoka, yaliyobaki ndo mtaji wako. Chupa ya kwanza weka juisi yako yenye sabuni ya bakteria, ya pili juisi iliyopikwa hivyo hivyo bila bakteria, ziache masaa 24 halafu pitisha maji tena. Mafuta mapya gawa kwa yale yaliyokuwa yamebaki, zidisha mara 100. Bila chupa ya pili hujui kama ni bakteria au ni juisi tu imesukuma.

Mabaki yote loweka kwenye jiki usiku kucha, mafuta yakusanye kwenye chupa, usimwage baharini.