Ndugu akikukopa hela, jibu hivi

Kukopa harusi kulipa matanga, hiyo wote tunaijua tangu shule ya msingi na bado kila Januari tunaingia kingi. Shemeji anatuma meseji saa nne usiku, "shem niazime laki mbili narudisha tarehe 30", na wewe hapo una kodi, una ada, na huruma juu.

Kwanza piga simu, usijibu kwa meseji. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawajaisha, na siku hizi wanateka wasap ya mtu wanakopa ndugu zake wote. Ila sababu kubwa ni kwamba kwenye simu utaisikia shida yenyewe. Akisema "mambo yamebana" we mwache tu aongee, mara nyingi dakika mbili mbele utasikia kumbe kuna mkopo wa kausha damu (ile ya mtaani yenye riba kubwa) na wenyewe wanataka kuja kubeba friji, sasa hapo laki mbili yako inalipa rejesho la wiki hii tu, wiki ijayo anakopwa mwingine. Bora mpige hesabu pamoja anadaiwa na nani, kiasi gani, nani anaweza kusubiri.

Alafu jiulize, hii hela isiporudi nitamchukia? Kama ndiyo, usitoe hiyo. Shusha mpaka kiasi ambacho mkikutana msibani mwakani utamsalimia vizuri. Mwambie tu: "Shem, laki mbili kwa kweli sina, nina hii elfu hamsini, usinirudishie, ikusogeze." Basi. Usianze kueleza kodi yako na ada za watoto, ukieleza sana ataanza kukupangia bajeti.

Kama shida ni umeme akutumie namba ya mita ununue luku mwenyewe, kama ni ada lipa moja kwa moja shuleni. Ya hospitali hiyo usikae kupiga hesabu, lipa unachoweza, maswali baadae.

Kitu kibaya kuliko kukataa (kwangu mimi lakini) ni "ngoja nikucheki kesho" huku unajua huna. Mwenzio analala akijua ameshapata, hatafuti kwingine, kesho anapiga hupokei, na hapo ndo undugu unapokufa, sio kwenye hela. Kama huna sema huna usiku huohuo ili ahangaike mapema.

Na ukishatoa usiende kwenye grupu la ukoo kurusha vijembe. Ukimwona na simu mpya tarehe 20 nyamaza, kama ulimpa haikuhusu tena, kama ulimkopesha subiri mpaka siku mbili kabla ya tarehe mliyokubaliana umtumie inbox bila mtu mwingine kujua: "Shem mambo, keshokutwa ndo ile tarehe yetu, tuko pamoja?"