Kumpima mbuzi: anza kabla hajashikwa

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo anayekuja Mombasa kwa mafunzo ya vitendo hukuta mbuzi kila pembe, Kisauni na Likoni hata kwenye mabaki ya mboga sokoni Kongowea. Ni mnyama mzuri wa kujifunzia: mdogo, hahitaji kamba nyingi, na makosa yako anayaonyesha upesi.

Beba stetoskopu, kipimajoto, saa yenye mshale wa sekunde, glovu, mafuta ya kulainisha na daftari. Kisha simama. Kipimo cha kwanza huchukuliwa kwa macho, kutoka hatua nne au tano.

Tazama ubavu unavyopanda na kushuka, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Mbuzi mzima aliyetulia huvuta pumzi 15 hadi 30 kwa dakika. Akishakimbizwa uani mpaka akakamatwa, utapata hata 60, uandike nimonia asiyokuwa nayo. Joto la Pwani nalo huongeza: aliyefungwa juani saa saba mchana atahema tu. Mhamishe kivulini, ngoja dakika 20, hesabu upya. Andika saa uliyopimia, maana bila saa namba hiyo haisemi kitu.

Ukiwa unangoja, uliza. Swali la “ana ugonjwa gani?” ni bovu, utapewa jina la ugonjwa badala ya dalili. Uliza amekula nini tangu juzi, mara ya mwisho ameonekana akicheua ni lini, amepewa dawa gani na kiasi gani, ana mimba au hana. Uliza pia kama pamekuwa na harusi mtaani. Si umbea: mbuzi akimwagiwa wali mwingi asiouzoea, huchacha tumboni ukawa asidi, tumbo likasimama na kuharisha kukafuata.

Sasa mshike, joto kwanza. Lainisha kipimajoto, kizungushe taratibu kiingie, uelekeze ncha iguse ukuta wa utumbo. Ikizama kwenye kinyesi itasoma chini, na hili ndilo kosa la kila wiki. Kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.7. Ukipata zaidi ya 40 kwa mbuzi aliyetoka juani, rudia baada ya kivuli kabla hujaandika homa.

Jicho linahitaji mazoezi zaidi. Kwa kidole gumba sukuma kope la juu juu ya jicho, kwa kingine shusha la chini. Utando wa ndani utajitokeza. Ulinganishe na kadi ya FAMACHA, yenye rangi tano za utando wa jicho, nje, kwenye mwanga wa mchana, haraka kabla rangi haijabadilika. Alama 1 ni wekundu wa afya, 5 ni weupe. Wenye 4 na 5 hupewa dawa ya minyoo. 3 huamuliwa kwa kuangalia hali ya mnyama. Ila kadi hupima upungufu wa damu, haipimi minyoo. Kupe na vimelea vya damu nao hufanya jicho jeupe, kwa hiyo pekua masikio, kwapa na chini ya mkia. Ufizi usiutegemee kwa rangi, mbuzi wengi wana ufizi mweusi.

Moyo usikilize kushoto, nyuma ya kiwiko: mapigo 70 hadi 90. Mapafu sikiliza pande zote mbili, juu hadi chini.

Tumbo kuu liko kushoto, kwenye shimo nyuma ya ubavu wa mwisho. Weka ngumi hapo dakika mbili kamili. Utahisi likijisukuma mara moja au mbili kila dakika. Anayesikiliza sekunde 20 na kutangaza “limesimama” hajapima. Kisha bonyeza: juu huwa na gesi kidogo, katikati kama unga uliokandwa, chini majimaji. Likicheza maji tupu, rudi kwenye swali la harusi. Mbuzi anayekonda huku tumbo likibaki kubwa, hamu ya kula ikija na kutoweka, mshuku donge la plastiki tumboni. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, lakini nailoni na nyuzi za magunia bado zipo majalalani. Huenda usiliguse donge lenyewe kwa mkono, na mafuta ya kupikia hayaliyeyushi. Dawa ni upasuaji, chini ya daktari aliyesajiliwa.

Malizia kwa tezi za limfu: chini ya taya, mbele ya bega, mbele ya paja. Ukikuta uvimbe mgumu chini ya sikio, usiupasue pale uani ili kumfurahisha mwenye mbuzi. Usaha wake huweza kubeba vijidudu vinavyoishi udongoni muda mrefu na kuambukiza wenzake. Na ukiitiwa mbuzi aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani au nyuma bila kuganda, usimguse kwa kisu hata kidogo: huenda ni kimeta (anthrax), kinachoambukiza hata watu. Wazuie watu na mbwa, hasa wanaotaka nyama, umpigie afisa wa mifugo ukiwa hapohapo.