Kuinua bodi ya pikapu juu ya chesisi

Pikapu nyingi zimeundwa kwa sehemu mbili zinazotenganishika, yaani chesisi inayobeba injini, giaboksi, springi na ekseli, na bodi iliyokalishwa juu yake kwa bolti zinazopita katikati ya mipira minene. Kuinua bodi ni kuweka vipande vigumu vya nailoni, poliyurethani au alumini kwenye sehemu hizo za kukalia, kisha kufunga upya kwa bolti ndefu zaidi. Springi na shokapu haziguswi, hivyo gari hubaki na ulaini wake wa mwendo, na matairi makubwa hupata nafasi ya kuzunguka bila kukwaruza bodi. Ifahamike mapema kwamba kazi hii peke yake haiinui difu, yaani lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, hata milimita moja. Kinachoipandisha kutoka ardhini ni hayo matairi makubwa yatakayofuata.

Vipande vinavyouzwa huwa na kimo cha kati ya inchi 1 na 3, yaani milimita 25 hadi 76. Ushauri wangu ni kutovuka inchi 2. Kuinua chuma ni jambo jepesi. Ugumu uko katika vitu vyote vinavyotoka kwenye chesisi na kuingia kwenye bodi, kwa kuwa kila kimoja kitavutwa kwa kiasi kilekile cha kimo ulichoongeza. Kabla ya kununua chochote, lala chini ya gari ukiwa na tochi na uvifuatilie kimoja baada ya kingine: shafti ya usukani, mabomba ya breki, kebo ya breki ya mkono, mipira ya maji ya rejeta, shingo ya kumiminia mafuta, nyaya za umeme na ule waya wa athi unaounganisha bodi na chesisi kiumeme, ambao husahaulika mara nyingi. Chunguza pia sheria za mahali gari lilikosajiliwa na masharti ya bima yake, kwani badiliko hili huenda likahitaji ukaguzi.

Siku moja kabla ya kazi, nyunyizia bolti zote za bodi mafuta ya kulegeza kutu, na urudie usiku. Nalisisitiza hili kwa sababu bolti hizi hukaa miaka mingi zikipigwa na matope, na baadhi ya nati zake zimefungiwa ndani ya sakafu ya kebini mahali pasipofikiwa na spana. Mimi niliwahi kuharakisha: bolti ya nyuma ya kebini ilizunguka kwa wepesi nikafurahi, kumbe nati yenyewe ilikuwa imeng'oka ndani na inazunguka pamoja nayo. Ilinibidi kutoa kiti, kukunja zulia na kukata tundu kwenye sakafu ili niishike. Bolti ikigoma, irudishe nyuma robo mzunguko, iongeze mafuta, uisubiri, kisha ujaribu tena.

Siku ya kazi, egesha gari mahali tambarare, zuia matairi, chomoa betri, nyoosha magurudumu ya mbele na ufunge usukani usizunguke kabisa. Usukani ukizungushwa shafti ikiwa imeachanishwa, utepe wa umeme unaolisha mfuko wa hewa na honi unaweza kukatika. Weka alama ya rangi kwenye kiungo cha shafti, kiachanishe, na ulegeze kila ulichokiona kikiwa kimekaza. Kama rejeta imefungwa kwenye bodi, legeza pia kasha la feni, kwa maana rejeta itapanda ilhali feni itabaki na injini, na pangaboi zake zitakata kasha hilo mara tu utakapowasha gari.

Sasa toa bolti za upande mmoja wa kebini, na za upande wa pili zilegeze tu bila kuzitoa, ili bodi isiteleze. Weka ubao mpana juu ya jeki na uinue polepole chini ya sehemu imara ya sakafu, ukisimama kila baada ya sentimita moja kutazama mabomba na nyaya. Kipande kikiweza kuingia, kiingize kwa kukisukuma na kijiti. Kamwe usipitishe vidole kati ya bodi na chesisi, hata kwa sekunde moja. Ingiza bolti mpya kwa mkono bila kuzikaza, shusha, kisha uhamie upande wa pili. Kasha la mizigo hufuata utaratibu huohuo, na bampa hushughulikiwa mwishoni kwa vishikizo virefu.

Bolti zote zikishaingia ndipo unapokaza, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kiwango kilichoandikwa katika maelekezo ya vipande vyako. Kwenye usukani, tumia kiunganishi cha kurefusha kilichotengenezwa kwa ajili ya gari hilo. Kuunga shafti kwa kuchomelea gereji ni kuhatarisha maisha.

Kabla ya kuingia barabarani, ingiza gia zote moja moja, pamoja na ya nyuma na za fowili (za kuendesha magurudumu yote manne) kama zipo. Sakafu imepanda lakini giaboksi haikupanda, kwa hiyo mkono wa gia unaweza kugonga ukingo wa tundu lake na gia ikaingia nusu, kisha ikachomoka njiani. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili injini ikiwa inanguruma, kanyaga breki kwa nguvu huku mwenzako akitazama mabomba, na ushushe mwanga wa taa za mbele usiwapofushe wanaokuja. Kaza tena bolti zote baada ya kilomita 100 hivi, na mara nyingine baada ya 500, kwa kuwa mipira hulala kidogo inapozoea mkao mpya.