Mtu akidondoka kwenye maombi: maasha (wahudumu wa kanisani) mjipange hivi

Kama kanisa lenu ni kama letu hapa Malindi, mabati juu, simiti chini, viti vya plastiki vimebanana mpaka mlangoni, siku ya kesha mtu ataumia msipojipanga. Mimi nimeshaona mama akienda chali, kisogo kikagonga ngazi ya madhabahu, na ule mlio tuliusikia na spika zikiwa juu hivyo hivyo.

Viti vya mbele ondoeni mapema, sio watu washaanza kuruka ndio mnavutana navyo. Waya za spika zipite ukutani. Mkeka mtupu juu ya simiti msitandike, unateleza, heri kapeti.

Kudaka sasa. Wawili nyuma ya kila anayeombewa, maana mtu mzima akilegea ni mzito kama gunia la maji. Simama karibu naye, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, magoti yamekunjika kidogo, mpokee kwapani uteremke naye polepole, matako yatangulie, kichwa kiwe cha mwisho kugusa chini. Leso iwe begani tayari lakini jamani, maasha wengi hukimbilia kufunika miguu na kichwa kishapigwa chini!

Akilalamika shingo au akisema hasikii miguu, msimwinue wala msimkunje kwenye tuktuk, mmoja akishike kichwa kisicheze, mwingine aite ambulensi. Damu, bonyeza na kitambaa safi. Aliyegonga kichwa akianza kutapika, kuongea ovyo au usingizi wa ajabu, hospitali usiku huo huo, msiniambie ati bado yuko rohoni.

Halafu bili, hapa ndipo watu hukosana. Kenya kuna sheria, Sura ya 34, inayomtaka anayekalia na kusimamia mahali achukue hadhari ili mgeni wake asidhurike, kwa hivyo "ni Roho amemwangusha" haitoshi mbele ya hakimu, na mchungaji akikusukuma paji la uso ule ni mkono wake, bana. Kanisa litoe pesa ya matibabu kwanza, nani alimpiga nani kiwiko mtaulizana baadaye, ila andikeni kwenye daftari siku ile ile: saa ngapi, wapi, nani alikuwa karibu.

Yule mama wetu alipelekewa sukari kilo mbili na maombi, eksirei akalipa mwanawe wa bodaboda. Bado anakuja, ila anakaa nyuma kabisa, kiti cha karibu na mlango.